Nikimwambia Mungu kwamba nimemchoka, nimetenda dhambi?

SWALI: Shikamoo mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nina miaka sita ndani ya ndoa. Mimba zangu tatu zimeharibika, ya mwisho ikiwa na miezi minne. Kwenye kikundi chetu cha maombi naambiwa nisilie wala nisiseme nina huzuni, kwa sababu ukikiri udhaifu unampa shetani mlango. Naambiwa nisimame kwa ujasiri niliamuru tumbo langu lifunguke, kama Waebrania 4:16 inavyosema. Naamuru mpaka sauti inakauka. Nikirudi nyumbani nikapiga magoti peke yangu, sina neno. Kuna usiku nilimwambia Mungu, "Nimekuchoka," halafu nikaingiwa na hofu, nikakaa macho mpaka kunakucha. Je, nimetenda dhambi? Na huo ujasiri ni upi hasa? Mwisho, naweza kuacha kwenda mkesha wa Ijumaa bila kuonekana nimerudi nyuma?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe milele.

Pole. Naomba neno hilo ulipokee kabla hatujafungua Biblia. Umeziandika mimba tatu katika sentensi moja fupi, kama mtu anayejaza fomu, nami nadhani najua kwa nini. Kwetu mtu akifiwa, watu huja. Mkeka hutandikwa, majirani huleta unga na kuni, wanawake hulala pale usiku kucha, na mfiwa hulia mpaka machozi yaishe, hakuna anayemwambia anyamaze. Wewe umefiwa mara tatu na hakuna aliyetandika mkeka. Hakukuwa na kaburi, kwa hiyo hakukuwa na matanga. Ukarudi kwenye kikundi cha maombi na huzuni yako yote ikiwa mbichi, ukakuta pale nako kulia kumekatazwa.

Swali lako la kwanza nalijibu waziwazi: hapana, hukutenda dhambi usiku ule. Angalia ulisema na nani. Hukwenda kwa jirani kumsema Mungu vibaya. Ulimgeukia yeye mwenyewe ukamwambia lililokuwa moyoni. Wana wa Israeli walipolaumiwa jangwani, kosa lao lilikuwa kunung'unika wao kwa wao hemani na kupanga kurudi Misri. Mtunga Zaburi alikuwa na malalamiko makali kuliko yao, ila aliyapeleka kwa mwenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Lako lilikuwa sala, na kwa jinsi ulivyoniandikia, naona ilikuwa sala yako ya kwanza ya kweli baada ya miezi mingi.

Sasa huo ujasiri. Nimefundisha Kigiriki cha Agano Jipya kwa miaka mingi, na neno hili ni mojawapo ya maneno niliyoyapenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikikaa hapa kidogo. Waebrania 4:16 inasema: "Basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema, na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji." Neno lililotafsiriwa "ujasiri" ni parresia. Limeungwa na maneno mawili, moja maana yake "yote" na jingine "usemi". Ukilivunja vipande unapata "kusema yote". Katika mji wa Athene lilitumika kwa haki ya raia huru kusimama mbele ya baraza akasema anachofikiri bila kuficha. Mtumwa hakuwa na haki hiyo. Mtumwa alipima maneno, alitazama uso wa bwana wake kwanza, alisema kile kinachotakiwa kusikiwa.

Na huna haja ya kujua Kigiriki ili ulione hili, kwa maana watafsiri wetu wa Biblia ya Kiswahili wamekuachia alama. Fungua Marko 8:32, pale Yesu anapowaambia wanafunzi kwamba atateswa na kuuawa. Inasema, "Naye alikuwa akinena neno hilo waziwazi." Hilo "waziwazi" ni neno lile lile la Waebrania. Mahali pengine "ujasiri", mahali pengine "waziwazi", mzizi ni mmoja. Basi soma tena aya yako ukiweka neno la pili: na tukikaribie kiti cha neema waziwazi. Unaona mzigo unavyobadilika? Kuinua sauti hakutajwi. Kutokulia hakutajwi. Tunaambiwa tusiache kitu nje ya mlango.

Kuna jambo jingine ambalo linanisikitisha kila ninaposikia aya hii ikitumiwa jinsi ilivyotumiwa kwako. Watu huikata. Neno la kwanza la aya ya 16 ni "basi", na "basi" hurudisha macho nyuma. Nyuma yake, aya ya 15, imeandikwa: "Kwa kuwa hamna kuhani mkuu asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu; bali yeye alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi." Sababu ya kusogea kwa ujasiri ni kwamba anayetungoja anaufahamu udhaifu. Anayekuambia ufiche udhaifu wako ili uwe na ujasiri ameing'oa nguzo iliyoubeba ujasiri wenyewe. Halafu tazama tunachokwenda kupewa pale: rehema. Rehema haiamriwi. Rehema huombwa, na huombwa na mtu aliyekubali kwamba anaihitaji.

Ndugu zako wa kikundi nao wana andiko lao, na lazima niwatendee haki. Watakuonyesha Marko 11:23, mlima unaoambiwa ung'oke ukatupwe baharini. Watakukumbusha Petro kwenye mlango wa hekalu akimwambia kiwete asimame aende. Ni kweli, yameandikwa, nami nayaamini. Yesu aliukemea upepo, aliwaamuru pepo. Ila katika maandiko hayo yote hakuna mtu anayemwamuru Mungu, wala mtu mwenye majonzi anayelazimishwa kuuamuru mwili wake kama ndiyo njia ya kuponywa. Na ukiendelea kusoma Marko uleule, kutoka sura ya 11 hadi ya 14, unamkuta yule yule aliyesema habari za mlima akiwa ameanguka kifudifudi Gethsemane. Hapo haamuru. Anaomba: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Kikombe hakikuondolewa. Nani atathubutu kusema imani yake ilipungua?

Nakuomba uzingatie mpangilio wa maneno ya sala hiyo, maana wengi wetu tumeugeuza. Sisi huanza na "mapenzi yako yatimizwe" na kuishia hapo hapo. Nimelifanya hili mwenyewe kwa miaka. Mke wangu alipougua, nilikuwa nikiomba sala fupi yenye adabu nyingi, mapenzi yako Bwana, mapenzi yako, na watu wakaisifu kwamba ni sala ya mtu aliyekomaa. Haikuwa ukomavu. Niliogopa kuomba apone, nisije nikanyimwa. Yesu alisema kwanza alichotaka, kwa neno lisilo na utata, "uniondolee", ndipo akayaweka mapenzi ya Baba juu yake. Aliomba hivyo mara tatu, na Mathayo 26:44 inasema alitumia maneno yale yale. Waebrania 5:7 inaongeza kwamba alitoa maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi. Kama Mwana mwenyewe alilia akiomba, sijui ni nani aliyepewa mamlaka ya kukukataza wewe.

Nimekuwa nikimfikiria Hana, yule mwanamke tasa wa kitabu cha Samweli wa Kwanza, tangu nilipoisoma barua yako, na najua wewe pia umeshamfikiria. Labda umechoka kutajiwa habari zake, kwa sababu kila mara hutajwa kwa ajili ya mwisho wake, kwamba alimpata Samweli, basi na wewe utapata. Sitakuambia hivyo. Sijui Mungu atakupa nini, na mtu akikuambia kwamba anajua, muombe akae kimya. Ninachotaka ukitazame ni jinsi alivyoomba.

Kwanza, waliomzunguka. Penina, mke mwenzake, anamchokoza mwaka baada ya mwaka. Elkana, mumewe, ni mtu mwema, anampa fungu lake kwa upendo, lakini anamwuliza, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Anampenda na bado hasikii. Kuhani Eli ameketi penye mwimo wa mlango, anatazama midomo ya Hana ikicheza bila sauti, anadhani amelewa. Katika habari nzima mpaka hapo hakuna mtu hata mmoja aliyemwelewa. Mwenye uchokozi, mwenye upendo na mwenye cheo cha dini, wote watatu wamekosea. Nadhani unalijua kundi hilo.

Pili, alichosema kwa Eli. Hakujitetea kwamba anasimama kwa imani. Alisema: "Hapana, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni mwangu; mimi sikunywa divai wala kileo, ila nimeimimina roho yangu mbele za BWANA." Ameikiri huzuni yake mbele ya kuhani mkuu, ndani ya nyumba ya Mungu, na mbingu hazikuanguka. Tazama na hilo neno, kumimina. Chombo kinapomiminwa hutoka kilichomo, kama ni asali ni asali, kama ni shubiri ni shubiri. Na sauti yake haikusikika! Hakukuwa na kelele yoyote. Lakini mimi sioni mwanamke jasiri kumpita yeye katika kitabu hicho chote.

Tatu, jambo dogo ambalo wahubiri hulipita. Baada ya Eli kumtakia heri, "huyo mwanamke akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena." Hapo bado hana mimba. Hajarudi hata nyumbani Rama. Kitu fulani kimetulia kabla haja yenyewe haijajibiwa, kwa sababu safari hii alikuwa amemaliza kusema.

Nisije nikakufanya uone kwamba nawadharau wanaopaza sauti. Bartimayo alipiga kelele Yeriko mpaka watu wakamkemea anyamaze, naye akazidi, na Yesu akasimama. Kuna maumivu yanayotaka sauti kubwa. Bwana anapotuonya tusipayuke-payuke, katika Mathayo 6:7, anataja kosa lenyewe: kudhani kwamba tutasikiwa kwa sababu ya maneno yetu kuwa mengi. Yaani kutegemea maneno. Mtu anaweza kuyategemea maneno akiwa ananong'ona, na anaweza kuyategemea akisoma sala nzuri iliyoandikwa kitabuni. Wewe umeniambia unaamuru mpaka sauti inakauka, na kwamba ukiwa peke yako huna neno. Hapo ndipo ninapoona tatizo lilipo. Maneno yale unayoyasema kikundini si yako.

Kuna mfano mmoja wa Yesu ambao Kiswahili chetu kinaweza kuueleza vizuri kuliko lugha nyingi. Ni Luka 11, mtu aliyefikiwa na mgeni usiku wa manane, nyumbani hana mkate, akaenda kumbishia rafiki yake aliyekwisha kulala na watoto. Sisi tunaijua aibu hiyo, mgeni ameingia na debe la unga limebaki vumbi. Biblia ya Kiswahili inasema alipewa "kwa vile asivyoacha kumwomba". Tafsiri hiyo si mbaya, lakini neno la Kigiriki pale lina ukali zaidi: ni kukosa haya. Wapo wasomi wanaosema haya inayotajwa ni ya yule aliyelala, kwamba aliogopa kuaibika mbele ya kijiji. Mimi nafuata wale wanaoiweka kwa mwombaji. Amebisha mlango saa ambayo mtu mstaarabu habishi. Na Yesu hamkemei, anamfanya kuwa mfano wa sala, kisha papo hapo anaanza kuzungumza habari za baba na mwana anayeomba samaki. Kwa baba hatuingii kwa itifaki.

Katika Misa ya Kikatoliki, kabla ya Baba Yetu, padre huwaalika waamini kwa maneno ya kale ambayo Kilatini chake ni audemus dicere, tunathubutu kusema. Mimi si Mkatoliki, lakini mwaliko huo umenifundisha. Kumwita Mungu "Baba" ni jambo la kuthubutu. Ukishalisema hilo neno moja, umeshafanya la kijasiri kuliko yote yatakayofuata.

Labda bado unajiuliza kama kulalamika ni kukosa imani. Zaburi ziko 150, na karibu theluthi yake ni maombolezo. Kanisa limezisoma na kuziimba tangu mwanzo. Ya 88 haina hata mstari wa matumaini mwishoni, neno lake la mwisho katika Biblia yetu ni "gizani". Mtu aliomba, akafika mwisho wa pumzi, akaacha hapo, na sala hiyo imehifadhiwa kuwa Neno la Mungu. Ayubu alisema maneno ambayo mimi ningeogopa kuyarudia mimbarani, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wale marafiki watatu waliokuwa wakimtetea yeye Mungu kwa maneno safi, akasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Nimeihubiri sura hiyo ya 42 mara nyingi na bado hunishtua.

Mama yangu alikuwa mtu wa uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na kwetu Tanzania kupitia Bukoba. Wao walikuwa na neno, kutembea nuruni. Mtu alisimama katikati ya ndugu akasema, leo nimemkasirikia jirani yangu, leo nimedanganya sokoni, leo moyo wangu ni mkavu. Nikiwa mtoto niliona watu wazima wakilia na kukumbatiana baada ya maneno kama hayo. Baadaye, katika sehemu nyingine, hata hilo liligeuka desturi, ushuhuda ukawa na kiitikio chake na kila mtu akajua lini aseme nini. Nakueleza haya usije ukadhani kwamba unafiki wa sala ni ugonjwa wa kikundi chako tu. Unatuandama sote, kila kizazi kwa sura yake.

Basi ufanye nini leo usiku? Nakushauri uache Kiswahili cha kanisani kwa muda. Unajua ninachosema, ile "Ee Mwenyezi Mungu, Baba mwenye rehema, tuko chini ya miguu yako" inayotoka mdomoni kabla moyo haujaamka. Omba kwa lugha ambayo ungezungumza na mama yako mzazi. Kama nyumbani mlikuwa mkisema Kinyakyusa au Kihaya au Kigogo, omba kwa hiyo. Nimeona watu waliokwama miaka wakifunguka dakika ile walipobadili lugha. Kaa chini kama kupiga magoti kunakupa hofu. Waseme watoto wako watatu. Kama ulikuwa umewapa majina moyoni, yataje. Sema kilichokuuma zaidi, hata kama ni neno la shemeji. Sema unachotaka, usikizungushe: nataka mtoto.

Na maneno yakikataa kabisa, soma Zaburi ya 13. Ina aya sita tu. Inauliza mara nne "hata lini", na swali la kwanza ni hili: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Mwishoni hufika kwenye kumwimbia Bwana. Ukifika hapo ukaona huwezi, usijilazimishe. Ishia pale ulipofika, kesho anza tena. Hata baba yule wa Marko 9 alisema nusu imani na nusu kutoamini katika pumzi moja, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa siku hiyo hiyo. Na usiku usipoweza hata kusoma, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kukaa kimya ukilia mbele zake, hiyo nayo ni sala.

Kuhusu majibu siwezi kukuahidi. Paulo alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake. Alijibiwa "Neema yangu yakutosha", na mwiba ukabaki. Sisomi mahali popote kwamba aliambiwa hakuamuru vya kutosha. Na kama yupo aliyekunong'oneza kwamba kuna dhambi iliyofichika ndiyo inayokuharibia mimba, mpeleke Yohana 9:3, pale wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na Yesu akakataa: si huyu, wala wazazi wake.

Hujataja daktari. Mimba zikiharibika mara tatu mfululizo, kuna vipimo vinavyostahili kufanywa, kwako na kwa mumeo, na zipo sababu zinazotibika. Muone daktari wa magonjwa ya wanawake, na mwende wawili. Kufanya hivyo si kupunguza imani hata kidogo. Na usiku mmoja mwombe mumeo mkae mwombe pamoja, kila mmoja kwa sauti yake. Elkana wako naye huenda ana huzuni ambayo hajaruhusiwa kuitoa.

Sasa mkesha wa Ijumaa. Pumzika kwa muda, wala usimfiche kiongozi wako. Mwambie kwa heshima: "Mtumishi, kwa sasa siwezi kuamuru, nahitaji kulia mbele za Mungu, naomba mniombee nikiwa nyumbani." Akikuelewa, umepata ndugu. Akikuambia umerudi nyuma, usibishane naye. Tafuta mama mmoja au wawili pale kanisani waliowahi kuzika, wakaribishe nyumbani Ijumaa jioni, uwaambie mapema kwamba hakuna kuhubiriana. Tandika mkeka. Wahadithie habari za mimba ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, kwa urefu wote unaotaka. Wakimaliza kulia nawe, waombe wakuombee, halafu uombe na wewe, hata kama ni lile neno lako la usiku ule.